Ufagio: Lempi Harjula

Mimi ndiye niliyegonga dari.
Yaandikwe hayo kwanza, mengine yafuate.

Duluth, Minesota, Februari ya sabini na nane,
ziwa limeganda, meli zimeshikwa miguu,
nami nimetoka zamu ya usiku hospitalini
nikitaka kitu kimoja tu duniani: usingizi.

Juu yangu, ti-ti-ti, kinanda cha plastiki,
cha mnadani, dola nne,
kimelazwa juu ya meza ya kupigia pasi
kwa kuwa stendi hawana.
Gitaa la Orvo lina nyuzi nne. Mbili zilikatika,
akasema zilizobaki zinawatosha watu wenye haraka.
Wanda Pelkey na Darlene Wuori,
mikono bado inanuka jibini ya kiwanda cha piza,
wanaimba, kama huko ni kuimba:
mmoja anauliza bei ya kabichi,
mwingine anajibu kwa mlio wa nyuki.

Nikachukua ufagio.
Pu! Pu! Pu!

Kimya.

Halafu kutoka juu: pu, pu, pu.

Nikagonga kwa hasira. Wakaipamba hasira yangu,
ti-ti katikati, kwaru pembeni,
na kabla sijajua, bega limekwisha kubali,
na mimi, mjane wa miaka thelathini na sita, Mlutheri,
niliyelelewa na nyimbo za beti sita na uso mmoja,
ninacheza jikoni na gauni la kulalia.

Wiki hiyo Wanda alishuka na keki.
"Mama, tunarekodi Jumamosi. Njoo na ufagio."

Wakajiita Meza ya Pasi.
Mawigi yao marefu, milango wakaingia kwa kuinama;
moja lilikuwa na taa ndani, jingine kiota.
Waliimba jokofu lililoposwa,
mjomba aliyegeuka zulia,
sayari ambako kila siku ni Jumanne.
Walitumbuiza vyumba vya chini, ukumbi wa wanajeshi wastaafu,
harusi ya Mpolandi aliyedhani amekodi bendi ya polka:
bibi harusi akagoma kuondoka hadi saa nane usiku,
na wachimba chuma wakavua mabuti,
wakateleza na soksi kama watoto waliosahauliwa na mama zao.

Kisha New York. Klabu ya kushuka ngazi,
harufu ya bia na rangi ya nywele,
vijana wa nguo nyeusi, mikono kifuani,
wameapa kutocheka.
Nilisimama nyuma na ufagio wangu, nikapewa ubao wa kugonga.
Wimbo wa kwanza, mawe. Wa pili, mawe.
Wa tatu, goti moja likamsaliti mwenyewe.
Baada ya hapo sikuona tena sakafu.

Ngoma ivumayo haidumu, wanasema.
Yetu haikupasuka. Ilivuja, kama puto la juzi.
Darlene akaolewa Fargo.
Kampuni ikataka nywele za kawaida.
Wanda akasema nywele za kawaida anazo, ziko chini ya wigi,
na hazijui kuimba.

Na Orvo, Orvo wa nyuzi nne,
akaletwa wodini kwangu mwaka wa themanini na sita,
mwembamba kama uzi wa tano.
Wenzangu walivaa glavu mbili mbili kumpelekea supu.
Mimi nilimshika kwa mkono ule ule wa ufagio.
Hatukuzungumza sana.
Alfajiri akanyoosha kidole, akagonga chuma cha kitanda:
pu,
pu.
Ya tatu akaniachia mimi.

Siku hizi juu yangu anakaa kijana wa kompyuta.
Anatembea na soksi. Anapika bila kuangusha hata kifuniko.
Juzi nilishindwa. Nikapanda kiti, na magoti yangu haya,
pu, pu, pu.

Akashuka mbio, uso umemwiva.
"Samahani, bibi. Nimepiga kelele?"

"Hapana," nikamwambia.
"Na hilo ndilo linaloninyima usingizi."