Jino la Sita, Chini Kushoto

Bwana Shekuwe aliingia na koti mkononi,
fukuto la Machi likimfuata hadi kitini.
"N'taka jeupe," akasema. "Binti yangu aolewa Ijumaa,
nami nikicheka laonekana shimo la makaa."
Na dhahabu je?
"Dhahabu mamangu alizikwa nayo. Bei yake siiwezi."

Akafunua.
Chini kushoto, jino la sita:
kijazo cheusi kama karai la mihogo pale Mwembe Tayari,
kilichokwaruzwa na mabuyu, na mifupa ya mbuzi,
na miaka thelathini ya kutafuna hasira
katika ofisi ya forodha, Kilindini.
Nacho hakikutikisika.

Zebaki, fedha, bati, shaba kidogo.
Vilikorogwa vikawa uji wa kijivu,
vikashindiliwa shimoni vingali laini,
vikagoma kutoka.
Madini haya hayajui kupendeza.
Hayashikani na jino, yamebanwa tu,
kama kabati lililoingia chumbani kabla ya mlango kujengwa.
Mate yakipenya pembeni huota kutu,
na kutu hiyo hiyo ndiyo huziba ufa.

Niliwasha mashine. Kabla sijagusa nikaona mfereji,
kijifereji kilichopinda mwisho kama mkia wa herufi wau.
Mkono huo naujua.
Daktari Tayabali, chumba cha juu, ngazi za mbao,
aliyenifundisha kushika kioo,
aliyenigonga kidole kwa koleo nilipoharakisha:
"Jino si ukuta, mwanangu. Ukuta hautafuni."

Nikasita.
Kisha nikakata, maana aliyeketi kitini ni mgonjwa,
na Ijumaa ni Ijumaa.

Vipande viliruka, mpira ukavivuta.
Chini yake nilitarajia uozo.
Nilikuta sakafu kavu, ya manjano, ngumu,
kama chumba cha wageni kisicholaliwa na mtu.
Miaka arobaini na mmoja.
Hata harufu, hakuna.

Zamu yangu.
Asidi, sekunde kumi na tano. Osha.
Kausha, lakini usikaushe mno. Gundi. Pepea.
Resini nyeupe ina mambo yake: hutaka ukavu,
na kinywa ni kisima,
na Mombasa yenyewe, mwezi huu, ni kinywa.
Ikipigwa taa ya buluu hujikunja, hujivuta,
huacha upenyo ambao hata unywele haupiti
ila vijidudu hupita, tena kwa harusi nzima na matarumbeta.
Ndiyo maana niliilaza tabaka kwa tabaka, kwa mshazari,
kama mpaka hina asiyetaka ua livuje.

Tabaka la tatu, umeme ukakatika.
Feni ikazunguka mara mbili za mwisho, ikanyamaza.
Taa yangu ni ya betri, alhamdulillahi.
Chumba kizima giza, na ndani ya shavu la mzee
mwanga mdogo wa buluu ukihesabu hadi ishirini.
Alitaka kusema kitu. Akasema, "Aaah."
Nikamjibu, "Karibu tunamaliza."

Nilimpa kioo dirishani.
Alilitafuta jino, asilione. Hiyo ndiyo sifa yake yote.
"Litadumu?"
Miaka saba. Kumi, ukijaliwa, na ukiacha mabuyu.
Akacheka, mdomo wazi, kama mtu anayejaribu viatu vipya.
"Lile la kwanza nilizibwa sijaoa.
Sasa naoza binti."

Alipokwisha kuteremka nilifungua kichujio,
nikakusanya makombo ya kijivu kwa kibano,
nikayatia ndani ya chupa yenye maji, nikakaza kifuniko,
kwani zebaki haiachwi wazi.
Chupa ni yake Tayabali. Karatasi imebabuka,
mwandiko wake bado: USITUPE.

Kwenye kadi ya Shekuwe niliandika tarehe kwa wino.
Pale pa kurudi
nikajaza kwa penseli.