Uzi wa Ini

Karani wa kliniki ananiita Taimu.
Jina langu ni Time, la bibi mzaa baba,
lakini kinywani mwake
ni kana kwamba muda umekwisha
na kila mtu arudishe karatasi.
Nainuka.

Leicester, Jumanne, mvua ya rasharasha
isiyolowesha wala kukatika.
Miaka ishirini na sita nimepunguza suruali za watu hapa,
nikapanua viuno baada ya Krismasi,
nikaijua kila nguo kwa upande wake wa ndani.
Kikulacho ki nguoni mwako, tuliambiwa.
Hatukuambiwa habari ya nguo yenyewe
kuota meno.

"Ugonjwa wa tishu unganishi," alisema daktari,
nami nikaelewa upesi kuliko alivyodhani:
nyuzi zishikazo kipande na kipande,
hizo ndizo zinazofumuka.
Vidole kwanza. Kisha macho, makavu kama pamba.
Mwaka wa nne, ini:
mwasho wa usiku usio na kipele,
najikuna kwa rula ya vitambaa.

Binamu Mkasi akauliza kwa simu, taratibu,
"Na baridi ya huko... hutii kitu kwenye chai?"
Natia tangawizi, Mkasi.
Akanisitiri kwa kunyamaza.
Hapo ndipo aliponikata maini.

Daktari hajui bado.
Pengine ni ugonjwa ule ule, umehamia chumba cha pili;
pengine vidonge vilivyonirudishia vidole
vinalidai ini fidia.
Au ni mwingine kabisa, wa ini lenyewe,
uliomfuata mwenzake kwa harufu.
Damu imeulizwa mara tano, inajibu kwa mafumbo.
Itabidi sindano.

Sindano! Nikacheka.
Nesi Bronagh naye akacheka, bila kujua kwa nini.
Lala chali, mkono wa kulia juu ya kichwa.
Toa pumzi. Izuie hapo.
Mlio mdogo, kama stepla.
Akanionyesha ndani ya kichupa:
kiuzi chembamba, rangi ya chai iliyokolea.
Maisha yangu yote nimetunga uzi sindanoni;
leo sindano imetoka na uzi wangu.

Majibu wiki mbili.
Nalalia ubavu wa kulia kwa masaa manne,
nikikiziba kitundu kwa uzito wangu mwenyewe, kama nilivyoagizwa.
Nje ya dirisha mwanamume anavuka barabara,
suruali imemzidi, pindo linaburura majini.
Ningemkunjia sentimita tatu.
Tatu na nusu.