Nukta za Katibu

Faili limefika kwenye flashi, saa kumi jioni, Hombolo ina vumbi:
ripoti ya ushirika wa zabibu, kurasa tisini na moja.
Sechelela, mweka hazina, hakuketi.
"Bodi inakutana kesho mjini. Vichwa vya habari vifanane,
vionekane vimeandikwa na mtu mmoja."

Na ni mtu mmoja.
Katibu Mbijima, peke yake, miaka sita,
kila kichwa akikipaka kwa mkono:
hiki kizito, hiki mstari chini, hiki herufi kumi na nne,
kile kumi na tano, labda siku hiyo macho yalimsumbua.

Nikawasha alama zilizofichwa.
Skrini ikajaa nukta.
Marehemu hakukijua kitufe cha kuweka katikati;
alibonyeza nafasi, nafasi, nafasi,
nukta arobaini na moja kabla ya neno MAVUNO,
zimejipanga kama punje za uwele
za mtu anayepanda kwenye vumbi, mvua bado haijaahidi kitu.

Nikazizoa.
Unateua kichwa, unakipa mtindo, unateua kingine,
kama kufunga mizabibu kwenye waya:
ukishafunga huhangaiki tena na tawi moja moja,
unakaza waya huku mwanzoni
na mstari wote unanyooka hadi kule kwenye minyaa.

Saa tatu usiku Sechelela akasema,
"Weka zambarau basi. Rangi ya zabibu yenyewe."
Nikabadili mahali pamoja tu.
Vichwa sitini na vitatu vikageuka
kama mbuzi waliosikia mluzi.
Akacheka. Akasema rudia. Nikarudia.

Kimoja hakikugeuka.
Ukurasa wa themanini na nane, SHUKRANI.
Kilinipita. Cheusi, nukta zake ishirini na tisa,
kimeegemea kushoto kidogo
kama mtu aliyechelewa kikao alichokiitisha mwenyewe.

"Na hicho?"
Kishale kilikuwa tayari juu yake.
Taa ikapepesa, ikatulia.
"Hicho kiko sawa," nikasema.

Hakikuwa sawa, na yeye aliona.
Akafungua pochi, akahesabu noti za elfu mbili mbili,
akakosea, akaanza upya.
Kisha akauliza kama karatasi zitatosha
nakala kumi na mbili, au kumi na tatu.