Vitasa Vinne

Ufunguo umekwenda Singapuri.
Hivyo ndivyo niaminivyo mimi, Mize:
uliponyoka mfukoni siku ile ya majamvi,
ukazama katika karafuu zilizokwisha kukauka,
ukapimwa nazo, ukalipiwa bei ya daraja la kwanza,
na sasa umo tumboni mwa meli, ndani ya gunia,
unanukia.

Kaka yangu Shaame haamini.
Asema niliutia kopo la majani ya chai, nikasahau.
Nami nasema aliutumia kuchokolea meno, akautema.
Toka msimu umalizike twasalimiana kwa kichwa,
na gari la marehemu baba limekaa baina ya nyumba zetu,
keria juu, vitasa vinne, kila mguu na chake,
kama mbuzi aliyefungwa miguu yote.

Mnunuzi wa Chwaka alitaka gari, hakutaka keria.
"Banda langu fupi," alisema. "Itoeni, kisha mnipigie."
Basi Alhamisi tukalipeleka Limbani kwa Fundi Asaa,
mtu wa maneno haba na kucha nyeusi.

Akapanda juu ya dumu.
Cha mvunguni huinamiwa;
cha juu ya gari hakina methali, huchuchumiliwa tu.
Akakidondoshea mafuta kitasa cha kwanza,
akakitia bisibisi nyembamba, akakigonga,
akakitegea sikio.
Chumvi imeshaingia. Miaka sita ya upepo wa bandari ya Wete.
"Hichi hakitongozeki," akasema. "Nipeni keekee."

Keekee ikalia.
Unga wa shaba ukamwagikia kioo cha mbele,
manjano, laini, kama bizari.
Shaame akashika dumu fundi asianguke,
mie nikashika taa ya simu.
Kazi ya kwanza kuifanya pamoja toka khitma.

Moyo wa kitasa ukatoka.
Nilidhani ni kitu!
Mdogo kuliko fundo la kidole cha mtoto,
visahani vitano ndani yake, springi kama nywele.
"Kidude hichi," Shaame akasema,
"hichi ndicho kilichotufungia?"
Aliliambia gari, si mimi.
Lakini nilisikia.

Cha pili kikatoka.
Cha tatu kikavunjika vipande; fundi akatukana chini chini,
akakumbuka nipo, akaomba radhi.
Cha nne kilikuwa kichafu zaidi,
upande ule baba alioegemezea ngazi ya shamba.
Asaa akakipangusa kwa gumba lenye mate, aone pa kuanzia,
akasita.

"Mna nambari hapa."

Mia na thelathini na saba.
Imechongwa usoni, haikufichwa.
Vyote vilikuwa nayo, chini ya matope.
Mwenye nambari humpelekea muuza funguo mjini,
huchongewa mwingine, mambo yakaisha.
"Sasa si unge…" akaanza Shaame,
asimalize. Nani angesema?
Nani katika sisi aliwahi kupitisha kidole?

Miguu mitatu ilikuwa huru. Keria ilikwisha kujiinua upande,
ikiuma kwa jino moja.
"Nitoboe," fundi akauliza, "au mtangoja ufunguo?"
Tukatazamana, mie na Shaame,
macho kwa macho, mara ya kwanza toka msimu.
"Toboa," tukasema.
Sote wawili. Pamoja.

Keria iliposhuka tukaona juu ya bati alama nne
za buluu ile ya siku gari lilipoletwa,
baba akilizunguka na kitambaa, akitukataza kuligusa.
Kwengine kote rangi imepauka, na hatukuwa tukijua.

Nilimwona Shaame akikitia mfukoni kile cha nne.
Sikusema kitu.

Usiku simu ikalia. Kaka yangu, nyumba ya pili.
"Ule ufunguo," akasema, "uzi wake ulikuwa wa kijani au mwekundu?"
"Mwekundu."
"Haya," akasema. "Mwekundu."
Na simu hakuikata.