Neno Moja, Euro Kumi na Mbili

Zulmira aliniletea kijikaratasi ndani ya mfuko wa mkate,
kimekunjwa mara nne, bado kinanuka mafuta ya samaki.
"Cha baba," akasema. "Kilikuwa chini ya droo,
kule New Bedford, chumba cha juu alichopanga.
Msajili wa mirathi anataka Kireno. Na mhuri."

Hapa Horta mimi hutoza euro kumi na mbili kwa ukurasa.
Ukurasa huu ulikuwa na maneno mawili:

All left.

Nikacheka moyoni. Kazi ya dakika moja.
Kahawa yangu ikapoa.

Maana hilo la pili ni mlango wa kuzunguka:
anayetoka na anayebaki hupishana humo humo
bila kusalimiana.
Huenda aliandika: wote wamekwenda zao,
wenzake wa kiwandani, Onofre, wale ndugu wawili wa Pico.
Huenda: hivi ndivyo vyote vilivyosalia,
dola sitini, saa iliyosimama, ufunguo usio na kufuli.
Au ni maelekezo tu ya mtu anayepanga kabati:
vyote, upande wa kushoto.

Kireno changu hakina subira hiyo.
Kinahoji kama karani wa forodha:
ameondoka nani? kimesalia nini? ni mmoja au wengi?
Partiram. Restou. À esquerda.
Nikayaandika kwenye karatasi tatu,
nikazitandaza mezani kama muuza samaki
anayejua kuwa mmoja ameoza, hajui yupi.

Zulmira hakuzitazama.
Alikuwa ameinamia ule mwandiko,
herufi zimelala zote upande mmoja
kama majani baada ya upepo.

"Baba alikuwa mashoto," akasema.
"Shuleni Cedros mwalimu alimfunga mkono kwa kamba ya kiatu
mpaka akajua kuandika kwa wa kulia.
Barua zake zote, miaka thelathini na mmoja,
zilisimama wima kama askari.
Hii ameiandika kwa mkono wake."

Hapo nikakosa neno,
na maneno ndiyo duka langu.

Msajili hapokei matatu. Hapokei tanbihi.
Anataka moja, lenye mhuri, kabla ya saa sita.
Nikaandika Restou tudo: kila kitu kimesalia.
Sijui kama ile ilikuwa tafsiri au sadaka.
Mhuri ukagonga, wino ukashika.

Alilipa kwa sarafu, akizihesabu moja moja,
akakunja cheti, akashuka ngazi taratibu
huku akishika ukuta.

Kijikaratasi alikisahau mezani.
Au alikiacha.
Hilo nalo, mpaka leo,
sijui nilitafsirije.