Siku Saba za Mpira

Pale Bopwe muuza mafuta aliniambia:
haya mapya, mwalimu, yana spiriti ya miwa,
rahisi kwa shilingi mia nne kila lita.
Nikamuuliza, ngapi kwa mia?
Akaangalia debe, akaangalia mbingu,
akasema, kidogo tu.

Gari lenyewe ni la marehemu baba,
Starlet nyeupe, umri wake na wangu sawa.
Miaka thelathini na moja haijaonja kileo.
Ilimpeleka swala ya alfajiri,
ilibeba magunia, maharusi wawili, maiti mmoja.
Leo niifunze ulevi uzeeni?

Nilifungua kifuniko cha tangi.
Ndani mna kibandiko cha njano, maandishi ya Kijapani
kama njiti za kiberiti zilizomwagika.
Labda pameandikwa: ruhusa. Labda: haramu.
Miaka yote tumekitazama kama talasimu,
twakifuta vumbi, twafunga.

Shaame wa gereji ya Limbani hakusoma chochote.
Aliomba chupa. Nikampa ya marashi ya waridi, tupu, ndefu.
Akatia maji kimo cha kidole, akachora mstari kwa wino,
akajazia mafuta ya Bopwe vidole tisa,
akaziba kwa gumba, akatikisa
kama anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala.
Akaiweka juu ya betri bovu. Tukangoja.

Maji yalipanda.
Mstari ukabaki chini, peke yake.
"Waona? Spiriti imeyaacha mafuta, imehamia kwa maji.
Haina uaminifu hii."
Akapima kwa ukucha: kidole kimoja kimekuwa karibu vitatu.
Ishirini kwa mia, mwalimu.
Hiyo ndiyo kidogo tu.

Tungeweza kumaliza hapo, lakini Shaame ni mtu wa ushahidi.
Akakata ncha ya mpira uendao kwenye kabureta,
akaitumbukiza ndani ya chupa ya pili,
akasema, weka mbali na jiko, siku saba.

Siku ya kwanza mpira ni mpira.
Siku ya tatu umevimba kama kidole kilichoumwa na nyuki.
Mama akauliza mbona nyumba yanuka gereji.
Siku ya nne nilisahau; mitihani ya darasa la saba.
Siku ya sita mafuta yamekuwa chai ya rangi.

Baba alikuwa mpimaji wa karafuu, hapa hapa Wete.
Akichota punje moja kutoka katikati ya gunia,
akiivunja karibu na sikio.
Ikilia *ta*, kavu. Ikipinda, rudisha jamvini.
Watu wakimlalamikia: gunia zima, kwa punje moja?
Akijibu, punje haina sababu ya kunidanganya.

Siku ya saba nikautoa mpira kwa kibanio cha nywele.
Nikaukunja karibu na sikio, sijui kwa nini.
Ukapinda bila sauti,
ukaniachia weusi vidoleni, laini kama lami ya saa saba mchana.

Shaame alitaja anachohitaji: mipira ya aina isiyoyeyuka,
gasketi za kabureta, jeti ipanuliwe unywele mmoja,
na chujio mbili, maana spiriti itaikwangua kutu ya tangi
iliyolala tangu enzi za baba, na kuileta yote mbele.
Laki mbili na elfu kumi na mbili.
Nikapiga hesabu nyuma ya daftari la mahudhurio:
lita kumi kwa wiki, mia nne kila lita,
wiki hamsini na tatu kabla sijaokoa hata senti.
Na hapo jeti haijaziba.

Nikarudi kwenye mafuta ya ghali.
Mama alikuwa akikuna nazi. "Haya, gari limesemaje?"
Limekataa pombe, nikamwambia.
"Alhamdulillahi," akasema, hakuinua uso.
"Kesho basi unipeleke Konde.
Na hizo chupa zako uzitoe jikoni mwangu."