Somo

Shanga nazinunua kwa Abdulkarim, Marikiti,
duka jembamba kama kabati, nyuma ya wauza iliki.
Hupima kwa kikombe cha kahawa.
"Zenu kumi kumi," hunitania, "zetu thelathini na tatu,
lakini gumba ni lile lile, mama."
Kisha huongeza mbili za bure,
fidia ya zitakazobingirika chini ya kitanda.

Mwaka huu kipaimara ni watoto ishirini na wawili.
Katekista Mwandawiro kaniandikia kwenye karatasi ya daftari
jina, na mtakatifu somo:
Rita, Rita, tena Rita,
Sesilia wa kwaya, Kristofa kwa mtoto wa dereva wa trela,
Yuda Tadei wa mambo yaliyoshindikana
(huyo amefeli hesabu),
Antoni wa vilivyopotea kwa Deogratias,
aliyepoteza viatu vya shule mara mbili.

Medali hutoka kwa masista, karibu na kathedrali,
nyepesi, dazeni dazeni ndani ya nailoni.
Bila miwani watakatifu wote wana sura moja.
Usiku, umeme ukiwepo, nawatenga:
huyu ana ufunguo, huyu ana maua,
huyu ana jeraha kwenye paji la uso.
Naufunga mpira mafundo matatu, nachoma ncha kwa kiberiti,
maana jasho la Mikindani hulegeza fundo la mvivu.

Jina la mwisho: Fidelia Mghoi. Somo: Wakesho.

Nikadhani katekista alisinzia. Nikampigia.
Akacheka, kisha akanyamaza.
"Nilimwambia hayumo kwenye orodha ya Kanisa.
Akaniuliza, kwani imefungwa?"

Jumamosi akaja mwenyewe, goti lina plasta.
Bibi yake, akasema, alimfunza rozari bila rozari,
wodini, kwa pingili za vidole:
tatu, tatu, tatu,
na ncha ya gumba ni ya kumi.
Mkono wa bibi ulipovimba kwa dripu
wakahesabia wa mtoto.
"Ndiye somo yangu."

Lugha hii ina hila zake.
Somo ni mtakatifu wa jina lako,
somo ni mwenzio wa siri,
somo ni yule akufundaye unyagoni,
somo ni la ubaoni, asubuhi, chaki ikilia.
Ningembishia kwa lipi?
Nikamwonyesha Monika, mama wa machozi.
Akamtazama kwa adabu,
kama mtu aonyeshwaye picha ya harusi ya wageni.

Usiku ule niliivua yangu.
Miaka arobaini na moja mkononi,
nimebadilisha mpira mara sijui ngapi,
medali ni ile ile ya kipaimara changu, Voi,
niliyopewa na mama aliyekwenda mnadani na mbuzi
akarudi na kifurushi kidogo cha gazeti.
Gumba langu limeula uso wote.
Alikuwa Skolastika, nadhani.
Hata mimi sasa nabahatisha.

Jumapili padre alinyunyiza maji juu ya sinia la plastiki,
bangili zote pamoja, hakukagua.
Fidelia akaigeuza yake upande huu, upande ule.
"Haina uso."
"Ulikuwepo. Nimeumaliza mimi."
Akaifikiria hiyo kauli muda mrefu kuliko nilivyotaka.
Halafu akaivaa, mkono wa kushoto,
na midomo ikaanza kwenda, bila sauti,
mama yake akimvuta waende wakapigwe picha.

Monika yumo kwenye kopo la siagi, na vifungo vya shati.
Nikilitikisa hulia kidogo. Hana mtu bado.

Jana nilirudi Marikiti, kikombe kimoja tu, cha akiba.
Nikinyoosha mkono nilipe, ule mstari ukaonekana,
ngozi ambayo jua halijaifikia bado.
Abdulkarim akautazama.
Hakusema la kumi wala la thelathini na tatu.
Akachota, akafunga kikaratasi,
akaongeza mbili.